Mwaka wa Viazisukari

Nilisoma historia ya sanaa chuoni miaka miwili na nusu, nikaacha. Kijijini kwetu Auvers, hapa Ufaransa, bado hawajanisamehe. Ghislaine, mama mwenye mashamba kule juu nyuma ya makaburi, mpaka leo ananiita profesa, tena dukani, mbele za watu, mkate mkononi.

Mimi nakodisha baiskeli karibu na stesheni. Wageni wanashuka kwenye treni wanataka kuona alikomalizia siku zake mchoraji Van Gogh, na mimi nawaelekeza: kanisa, kile chumba kidogo cha juu alimofia, kaburi lake na la nduguye yaliyolala pamoja chini ya majani yanayotambaa. Halafu shamba la ngano alilolichora. Kwenye shamba ndipo utundu wangu ulipoingia.

Ngano huwezi kuipanda palepale kila mwaka, udongo unachoka. Shamba hilo ni la Ghislaine, na mwaka ule alikuwa amepanda viazisukari, vile vinavyopelekwa kiwandani kutoa sukari. Majani ya kijani, manene, mpaka mwisho wa macho. Mwezi wa sita mgeni mmoja, mama, aliangua kilio pale kwa kukosa ngano, na mwenzake akamwambia Ghislaine hana heshima kwa marehemu. Basi nikaanza kuwapeleka wageni kwenye shamba jingine, nusu saa mbele, ngano imeiva inawaka. Nawaambia, uso mkavu kabisa, ndio hapa. Wanapiga picha, wanafuta machozi, wanarudisha baiskeli bila mkwaruzo. Nilijiona mjanja, na mwenye huruma pia.

Hadi alipokuja Anselme Quesnoy.

Alikuwa mzee wa mji wa Amiens, fundi rangi wa nyumba kwa miaka arobaini na moja. Baiskeli hakuitaka, akaniomba nimsindikize kwa miguu. Njiani akanieleza kwamba kesho yake analazwa, anapasuliwa macho yote mawili, na daktari hakumwahidi kitu. Maisha yake yote alipaka kuta na milango, picha hajawahi kuchora hata moja. Sasa anataka kuchora moja tu, pale aliposimama yule bwana, kwa macho haya haya aliyonayo leo.

Nilimwambia na mimi nilisomea mambo hayo, miaka miwili na nusu.

“Miaka miwili na nusu?” akasema. “Hiyo ni kupaka mkono wa kwanza, halafu ukaondoka na ngazi.”

Nilicheka mpaka nikasimama. Yeye akaendelea na safari, akimsifia Van Gogh kama fundi anavyomsifia fundi mwenzake. Alisema wao mafundi wa nyumba wakipaka rangi nene vile mwenye nyumba anawafukuza, lakini yule aliibandika kama plasta na kila mlima wa rangi ulikuwa na kazi yake. Siku sabini tu hapa kijijini, na karibu kila siku picha. Mzee alikuwa amepiga hesabu: hata alipopaka nyumba nzima nzima za shirika, akiwa na vibarua sita, hakuwahi kwenda kwa mwendo ule.

Nilimpeleka kwenye ngano yangu ya uongo. Akavua kofia. Akakunjua kiti alichokuja nacho, akafungua kasha lake la rangi, akakanda rangi ya njano kwa kisu cha plasta, taratibu, mpaka ikafanana na shamba. Kisha akauliza kama yule bwana alisimama hapa hapa.

“Hapa hapa, mzee wangu.”

Akatazama miguu yake. Akabeba kasha, akabeba kiti, akasogea hatua nne pembeni.

“Pale alipokanyaga yeye siwezi kukanyaga mimi,” akasema. “Nitachungulia kutoka hapa.”

Wageni wote niliowadanganya, hakuna aliyewahi kusogea. Wote walitaka kusimama palepale, wapigwe picha. Nikamwambia ukweli wote: shamba lenyewe liko kule tulikopita, mwaka huu lina viazisukari, na hapa hakuna ajuaye kama alipita hata siku moja.

Nilitegemea matusi. Mzee alikwangua ile njano yote, akaihifadhi kwenye kikopo, akafuta kisu. Ndipo akanitazama.

“We mtoto, yule mtu alikuwa anapaka alichokikuta. Mizizi ya miti, alipaka. Viatu vibovu, alipaka. Unafikiri angeogopa viazi?”

Tulirudi haraka, mimi nimebeba kiti. Kasha lake halikuwa na kijani hata kidogo, alikuwa amekuja kwa ajili ya ngano. Akachanganya ile njano ya kikopo na buluu ya mbingu, akatia weusi kidogo, akapata kijani kizito cha majani yale. Akachovya brashi, akaanza kupaka kwenye kitambaa cha kuchorea.

Ghislaine alituona kutoka kwenye trekta lake, akaja na ugomvi wake tayari. Akaniuliza kama profesa leo ameleta mtu mwingine wa kumlilia shambani. Nikamwonyesha kwa kidevu. Akazunguka nyuma ya mzee, mikono kiunoni, akatazama picha. Watu wamechora mbingu yake, wamechora njia yake, wamechora kunguru wa Van Gogh, wasiokuwepo. Viazi vyake hakuna aliyewahi kuviangalia. Na hapa vilikuwepo, mstari kwa mstari, na kila jani limebeba mwanga wake.

Alikaribia zaidi, akakunja uso.

“Mstari wa tatu una magugu,” akasema.

“Unayo,” mzee akajibu. “Mimi nachora, sipalilii.”

Ghislaine akaona aibu kweli, yule mwanamke asiyejua aibu. Akaingia shambani, akainama kwenye mstari wa tatu aanze kung'oa.

“Bibie, acha,” mzee akamwambia. “Usiondoke, na usinyooke. Hapo hapo.”

Ghislaine akabaki ameinama, mkono juu ya gugu, bila kuling'oa. Nilitaka kumtania, maneno nilikuwa nayo mazuri, nikayameza. Robo saa nzima hakusogea. Mgongo ulimuuma, nilimwona, lakini alikuwa ameinua kidevu kidogo, ili uso uonekane.