Pazia Fupi la Ukumbini

Ukumbi wa dansi wa shangazi yangu ulikuwa juu ya karakana ya seremala, na hadi leo nikinusa gundi ya mbao miguu yangu hutafuta mdundo. Ndani mlikuwa na redio ya kaseti, benchi refu la kubadilishia viatu, na ukuta mzima wa kioo alichokinunua duka moja la nguo lilipofungwa. Mbele ya kioo lilining'inia pazia zito la zambarau, lililotoka kwenye fimbo ya juu na kugusa sakafu.

Mwaka niliomaliza chuo cha ualimu, nikiwa bado nangoja kupangiwa shule, shangazi aliniita. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, kisha akasema bila kuzunguka:

"Mwanangu, goti limenisaliti. Wanalipasua. Nikitoka hospitali, ama nitakukabidhi wewe ufunguo wa ukumbi, ama nitamrudishia mwenye nyumba. Kuna mtu anautaka aweke magodoro."

"Magodoro, shangazi?"

"Magodoro. Hayachelewi darasani na hayakanyagani."

Nilicheka, lakini moyo ulinishuka. Utoto wangu wote nilikuwa nimeumalizia chini ya benchi lile, nikitazama viatu vya wakubwa vikipita. Hakuna chumba duniani nilichokitaka kama kile.

Kabla ya upasuaji aliketi pembeni, mguu ameunyoosha juu ya kigoda, akanitazama nikifundisha. Niliwaendea watoto na andalio la somo lililopigwa mistari kwa rula. "Moja, mbili, tatu, nne," nilihesabu, nao wakatawanyika kama maharage yaliyomwagika.

"Mwalimu wa chuo," shangazi aliita, "unamhesabia nani? Hao hata meno yao hawajui idadi. Waambie sakafu ina moto."

Nikawaambia. Wakaanza kurukaruka, na baada ya muda niligundua kwamba walikuwa wakiruka ndani ya mdundo.

Kwa vijana aliniamuru nizime redio katikati ya wimbo, ili nione ni nani aliyekuwa na muziki mwilini na ni nani aliyekuwa akimwiga jirani. Wale waliobaki wamesimama, wakitazamana kwa haya, ndio nilioanza nao upya, hata kama walikuwa na umri mkubwa kuliko wenzao. Vijana pekee ndio aliowafungulia pazia. Nilidhani anakikinga kioo na vidole vya watoto, na vumbi la seremala saa za wazee.

"Na wazee niwafundisheje?"

"Hao utajifunza mwenyewe. Watoto watakuja hata ukiwafundisha kulala. Vijana watakuja kuonana. Darasa la wazee ndilo mtihani wako. Nikirudi nikawakuta, ufunguo ni wako."

Alipokwenda hospitali, jambo la kwanza nililofanya lilikuwa usafi. Nilishusha pazia, nikalichemsha, nikalianika, nikalikunja vizuri kabatini. Kioo nilikisugua kwa magazeti hadi kikang'aa. Niliona fahari kubwa.

Wazee walipoingia walisimama mlangoni kama watu waliokosea nyumba.

"Makubwa!" alisema fundi cherehani, mama mmoja mjane aliyekuja kila juma na mkoba wake wa vitambaa.

Karibu yake alisimama mstaafu wa posta, ambaye wenzake walimwita Stempu kwa sababu akishika mkono wa mtu haachii. Alikikodolea kioo macho. "Yule mzee mwenye tumbo pale ni nani?"

"Ni wewe, Stempu!"

Ukumbi mzima ulicheka, naye alicheka kuliko wote. Lakini baada ya siku ile hakuonekana darasani. Juma lililofuata mmoja alikuwa na kikohozi, mwingine alipata wageni, mwingine mafundi walikuwa darini kwake. Niliandaa masomo bora zaidi, nikagawa hatua ngumu vipande vipande, nikapaza sauti: "Shingo juu, msitazame chini!" Waliobaki walikakamaa, na kila wakigeuka walifumba macho. Hatimaye alibaki fundi cherehani peke yake, na nikaanza kuota magodoro.

Alasiri moja nilikuwa chini ya ngazi nilipomwona juu kabisa, akisubiri mlango ufunguliwe. Seremala alikuwa akipiga nyundo karakanani. Yule mama, mkoba begani, aligeuka kwa mdundo wa nyundo, akageuka tena, mwepesi kama uzi. Ni mgeuko uleule niliokuwa nikishindwa kumfundisha. Sikupanda ngazi hadi nyundo iliponyamaza.

Ndani, mbele ya kioo, alirudi kuwa mgumu kama rula.

"Mama," nilimwambia, "pale ngazini umegeuka vizuri mno. Hapa kuna nini?"

Alikaa kwenye benchi. "Mwanangu, nyumbani nina kioo cha wateja. Yule bibi namwona kutwa. Hapa nilikuwa nakuja kumkimbia, na wewe umemsimamisha mbele yangu."

Nilikimbilia kabati. Tulilitundika pazia pamoja, na lilipoachiwa liliishia juu ya vifundo vya miguu. Lilikuwa limenywea.

"Umelichemsha?" Alishika kiuno kwa kicheko. "Kitambaa hiki hakichemshwi, mwalimu! Nitakuongezea kipande."

Niliwasha redio huku uso ukiniwaka. Alipoanza kucheza aliona, chini ya upindo, viatu vyake tu kiooni, vikienda na kurudi.

"Loo! Hivyo ni vyangu?"

"Ni vyako, mama."

"Kumbe miguu bado ni ya kisichana."

Yeye mwenyewe ndiye aliyewafuata wenzake majumbani. Stempu alichungulia mlangoni kabla ya kuingia. "Kwanza niambieni, tumbo limefunikwa?" Likamjibu kundi zima kwamba limefunikwa. Wakajipanga, na ili waone viatu vyao kule mbele ilibidi wanyooshe shingo, jambo ambalo kelele zangu zote hazikuwahi kulipata. Walibishana viatu vipi ni vya nani. Walikanyagana. Walirudi juma lililofuata.

Tulikuwa katikati ya wimbo shangazi alipoingia na mkongojo. Niliacha kuhesabu. Alilitazama pazia lake toka juu hadi upindo.

"Nani kalikata?"

"Kalichemsha, dada," alisema fundi cherehani, akichomoa mkobani kipande cha zambarau kilichokwisha pindwa. "Nimeleta cha kuungia."

Shangazi aliitazama safu, akaitazama ile miguu kiooni.

"Kirudishe mkobani," alisema. Aliegemeza mkongojo kwenye benchi, akajishikiza begani kwa Stempu, akasimama safu ya nyuma. "Endelea, mwalimu. Usinihurumie."

Nilihesabu. Chini ya upindo, kati ya viatu vya wazee, niliziona ndara za hospitali. Moja ilikuwa ikiburuta kidogo, lakini haikukosa mdundo hata mara moja.

Alishuka ngazi kabla yangu jioni ile, ameshikwa mkono na Stempu, ambaye bila shaka hakumwachia. Mimi nilibaki kufunga madirisha. Ufunguo ulikuwa juu ya benchi.

Shangazi hayupo tena, na lile pazia lilichakaa siku nyingi. Kila ninaponunua jipya, muuza vitambaa hunishangaa: "Mwalimu, vipimo hivi vina kasoro, halitafika chini." Nami humwambia akate hivyo hivyo.