Zamu ya Dubu

Jumamosi asubuhi Stamena alipanga foleni kwenye lango la hifadhi, nyuma ya watalii wenye fimbo za kupandia mlima, mkononi kashika ndoo ya mbao. Askari wa lango alikuwa Vuksan, mtoto wa kaka yake. Alimkatia tiketi bila kumtazama usoni.

"Shangazi, ndoo ya nini?"

"Ya kuwekea aibu yako, kama unayo."

Hifadhi ilipotangazwa, wafugaji wote waliteremshwa bondeni. Vibanda vyao vilibomolewa ili wanyama pori wapate utulivu, kisha ikajengwa hoteli palepale. Tangu hapo Stamena hupanda huko kama mgeni, kutazama mahali alipojifungulia wanawe.

Siku hiyo aliketi juu ya mawe ya kibanda chake. Mbuzi mwitu wakateremka kutoka majabalini, viwele vimejaa, wakajipanga. Akafuta mikono kwenye aproni, akaanza kukamua. Nyuma ya mbuzi alisimama kulungu, na nyuma ya kulungu dubu jike, akipiga miayo. Watalii walipiga picha. Mmoja aliuliza kama maziwa yatachemshwa.

Vuksan akaja anahema. "Shangazi, kugusa wanyama ni marufuku!"

"Waambie wao. Mimi nimekaa zangu, wao ndio wamenifuata."

Vuksan akamgeukia dubu, akamsomea kanuni yote. Dubu akasikiliza hadi mwisho, kisha akasogea mbele, kwa kuwa zamu yake ilikuwa imefika.

Mkuu wa hifadhi alipanda kujionea mwenyewe, akaridhika. Akasema mama huyu anaruhusiwa kukamua kila Jumamosi, watalii watapenda, na maziwa yapelekwe hotelini.

"Na kibanda changu?" Stamena akauliza.

"Mama, hapa haruhusiwi mtu kujenga."

Nyuma ya mkuu paa la hoteli liling'aa juani. Stamena akalitazama, akainua ndoo kwa mikono miwili, akanywa. Alikunywa maziwa ya mbuzi, ya kulungu na ya dubu, povu likimchuruzika kidevuni, hadi tone la mwisho. Akamkabidhi mkuu ndoo.

"Haya, wapelekee."

Kengele ya kufunga ilipolia, alitolewa nje pamoja na wageni wengine. Alitembea polepole makusudi, tumbo likicheza kwa shibe, na lango likachelewa kufungwa.