Kitanda cha Ovalene Kiko Virginia

Ovalene Stiltner alipoanguka jikoni kwenye mgahawa anakoosha vyombo, hakuanguka kwa ulevi, ingawa mpishi alimnusa mdomo kwanza. Alianguka kwa sababu kwa miezi mitatu mfululizo alikuwa akijidunga nusu tu ya insulini yake, ili chupa imfikishe mwisho wa mwezi. Kiwanda cha suruali alikofanya kazi zamani kilipofungwa, bima yake ya matibabu ilikwenda nacho. Na huku Tennessee, mwanamke wa miaka hamsini na sita asiye na mtoto wa kulea, hata awe fukara wa kutupwa, jimbo halimlipii dawa. Jimbo jirani la Virginia lingemlipia. Na Virginia si mbali: ukitema mate kutoka kibarazani kwake, upepo ukikubali, yanatua Virginia.

Mpaka umelikata shamba la marehemu baba yao. Kaka yake, Denver, alirithi sehemu ya juu, Ovalene akapata ya chini, na ukanda mwembamba wa hiyo ya chini, kando ya kijito, uko Virginia. Basi akaamua kuhamia ukanda huo. Nyumba yake ni ya bati, ndefu na nyembamba, ina magurudumu chini. Akaazima trekta.

Bonde zima likaja kutazama. Kwetu mtu akihama watu huja na vyakula, kwa hiyo walikuja na maharagwe, mkate wa mahindi na viti vya kukalia. Denver alikuja mikono mitupu.

"We Ova, una wazimu?" alifoka. "Kule watakukata kodi kwenye mshahara! Na gari wanalitoza kila mwaka, hata hilo kopo lako la kutu! Huku mshahara wako ni wako."

"Mshahara upi, kaka? Huo wa kusugua masufuria? Na huku hawanikati? Kila nikinunua unga wananikata palepale dukani, mchana kweupe!"

"Baba alizaliwa Tennessee akafa Tennessee."

"Eeh, na alikufa mapema."

Watu wakacheka. Denver akataka kujibu, kikohozi kikamkaba, akainama ameshika ubavu. Tangu Krismasi hakuwa na kazi, kiwanda cha mbao kilimpunguza, lakini ukimuuliza anakuambia yuko mapumzikoni.

Trekta ikavuta, nyumba ikayumba, sahani mbili zikavunjika, nyumba ikafika kando ya kijito. Magurudumu yakang'olewa, matofali yakapangwa chini. Hapo ndipo Denver alipokwenda kufukua magugu kwa buti lake, akaonyesha jiwe la mpaka, lile la zamani lenye herufi pande mbili. Alikuwa analijua tangu utotoni. Akasubiri mpaka magurudumu yatoke ndipo aseme!

"Nyumba yako ni ndefu kuliko Virginia yako," alisema huku anacheka. "Jikoni kuko ng'ambo. Chumba cha kulala kiko kwetu. Na mtu anahesabiwa kuishi anakolala, kawaulize ofisini kwao."

Ovalene alitazama. Kweli bwana, mpaka ulipita katikati ya nyumba, na mbele hapakuwa na pa kusogea isipokuwa majini. Aliona aibu hadi masikio yakamwaka moto, mbele ya watu wote wale na maharagwe yao. Kisha hasira ikaja, na ile hasira ndiyo iliyomwokoa. Aliingia ndani bila kuaga, na watu waliokaa nje wakasikia kishindo, kukwaruza, matusi, kishindo tena. Alitoka nywele zimemsimama.

"Nani ana mgongo mzima aje anishikie jiko?"

Jioni ile jiko lilihamia chumba cha kulala, na kitanda kikahamia jikoni, chini ya kabati la vikombe.

Alhamisi akaja bibi wa ofisi ya ustawi wa jamii ya Virginia, ameshika faili na utepe wa kupimia. Alipima kutoka kwenye jiwe, akaingia, akakitazama kitanda, akazitazama sufuria zilizoning'inia juu ya mto.

"Unalala hapa kweli, mama?"

"Kila usiku. Na nikikoroma, nakoroma Kivirginia."

Yule bibi alijikaza asicheke, akashindwa, akatia saini fomu ya kulipiwa dawa.

Ovalene sasa anajidunga dozi kamili. Anakatwa kodi, analalamika kwa sauti kubwa kuliko mtu yeyote bondeni, na miguu yake haifi ganzi tena.

Denver hakukanyaga pale wiki tisa. Asubuhi moja Ovalene alifungua mlango akamkuta kibarazani, amekonda, mto wa kulalia umebanwa kwapani. Daktari mmoja alikuwa amemsikiliza kifua, akamwandikia vipimo asivyoweza kulipia, akamrudisha nyumbani.

"Ova," alisema, macho ameyaelekeza kwenye buti zake. "Hilo kochi lako... liko upande gani?"

"Wewe ndiye bingwa wa mipaka. Sema unachotaka."

Denver alikohoa, akauhamishia mto kwapa la pili.

"Naomba nihamie Virginia, dada."

Ovalene alitaka kumcheka, kicheko kikagoma. Akachukua ule mto, akautupa kwenye kochi. Kisha akainama, akalisukuma kochi futi moja zaidi kuelekea kijitoni, asije mtu akasema mguu mmoja umebaki nyuma.