Joto la Asubuhi

Kioo cha kompyuta kilisema nyuzi thelathini na saba na nusu. Mkono wa Mama Vifaranga, uliokuwa umezama ndani ya mashine ya kutotolesha hadi kwenye kiwiko, ulisema huo ni uongo mtupu.

"Wifi!" aliita. "Njoo ushike yai."

Wifi yake alikuja akiburuta ndala, akashika yai, akalirudisha haraka kama aliyeshika chura. "La baridi hili! Mbona taa imezimika?"

"Programu inaona joto linatosha, ndiyo maana haiwashi."

"Inaona kwa macho ya nani?"

Mama Vifaranga, kama mtaa mzima ulivyomwita, aliinamia kioo. Mashine ilikuwa yao wote wawili, na mayai yalikuwa yamekaribia kabisa kuanguliwa. Miaka yote alikaa kando yake kama mlinzi, akiwasha taa na kuizima kwa mkono. Ndipo akajiunga na darasa la jioni, akajifunza kuandika programu, akaunganisha taa na kompyuta, na kwa majivuno yake akang'oa swichi ya zamani. Wifi alikubali kwa sharti moja: mayai yakiviza, darasa basi.

"Kuku anaatamia bila kompyuta," alisema wifi, "na darasani hajakanyaga."

"Basi kaatamie wewe! Au chemsha maji, tia kwenye chupa, zifunge vitambaa uzipange humu."

Wifi alikwenda jikoni akinung'unika. Mama Vifaranga alimpigia simu mwalimu wake.

"Kipimajoto ni kizima, mwalimu. Nimeandika juu kabisa kwamba joto ni kile kinachosomwa na kipimajoto. Lakini namba haisogei!"

"Programu uliiwasha lini, mama?"

"Asubuhi."

"Ikakuonyesha joto?"

"Ikanionyesha. Lilikuwa sawa kabisa."

"Basi ndilo hilo unaloliona mpaka sasa. Nimewaambia, lugha hii ya programu ni mvivu. Haipimi mpaka iulizwe. Ikishaulizwa mara moja, inaweka jibu, na ukiuliza tena inakupa lilelile."

"Mwalimu, wiki nzima umeusifu uvivu huo ubaoni!"

"Niliusifu kwa hesabu, mama. Mbili na mbili hazibadiliki mchana. Mayai mimi sikuyataja."

Alitamani kuirusha ile simu. "Nifanyeje? Upesi."

"Andika makro. Kila mahali ulipoandika neno joto, kabla programu haijaanza kazi, makro italiondoa na kubandika pale amri nzima ya kupima. Hapo hakutakuwa na jibu la kuhifadhi. Kila ikifika, inapima upya."

Aliandika. Kompyuta ilikataa: kuna mabano hayajafungwa. Akafunga. Ikakataa tena: sasa yamezidi. Mabano, mabano, mabano, kama kucha zilizokatwa na kumwagwa mezani.

"Chupa zinapoa!" wifi alipiga kelele, kichwa chake kikiwa nusu ndani ya mashine. "Wewe unabonyeza tu!"

"Badilisha maji!"

"Gesi inaisha!"

Mama Vifaranga aliondoa mikono kwenye vibonyezo, akafumba macho. "Ee Mungu, sina muda wa maneno mengi, na wewe unajua kila kitu kilipo. Nionyeshe."

Alipofumbua hakuona muujiza wowote. Aliona mabano yaleyale. Akaanza kuyahesabu kwa ncha ya kidole, moja la kufungua, moja la kufunga, bila haraka, huku wifi akimsema mgongoni. Karibu na mwisho wa makro kidole kilisimama. Akafuta moja, akawasha.

Nyuzi thelathini na moja.

Zilikuwa habari mbaya, na ndizo habari za kweli za kwanza tangu asubuhi. Taa iliwaka. Namba ikapanda kidogo, ikasita, ikapanda tena.

"Yamekufa?" aliuliza wifi. Sauti yake haikuwa na ugomvi tena.

"Sijui."

"Darasani leo utakwenda?"

"Sijui, wifi. Usiniulize."

Wifi alifuta jasho kwa upindo wa kanga. Alichagua yai moja lililokuwa karibu na taa, akalifunika kwa viganja vyote viwili, akaliweka sikioni. Alifumba macho.

"Nyamaza," alisema, ingawa hakuna aliyekuwa akizungumza.