Mpanda Farasi Ametoka Mizani

Huu ni mwaka wa tatu tangu lori la mwanangu Festus likutwe limeungua njiani, upande wa Sudan Kusini, na yeye mwenyewe asionekane. Hawakuona mwili, hawakuona hata kiatu. Kampuni ilileta barua. Niliitia kwenye mkebe wa biskuti pamoja na cheti chake cha ubatizo, nikaenda kuchota maji. Watu wakasema Wakesho ana moyo mgumu. Si ugumu. Ulikuwa kama mguu uliokaliwa vibaya: unauona ni wako, ukiufinya husikii kitu.

Mimi ni Mtaita wa Mwanda, lakini niliolewa na Mjaluo, marehemu Ooko, fundi wa reli pale Voi. Alipostaafu tulinunua kiwanja hapa Miasenyi, kando ya barabara kuu, na hapa ndipo alipozikwa, ingawa ndugu zake walinuna. Sasa Wajaluo wana desturi yao. Mtu akipotea na mwili usipatikane, huchumwa tunda la mwegea, lile refu zito linaloning'inia juu ya mto kama limefungwa kwa kamba. Wao huliita yago. Wanalichimbia kaburi, wanalizika mahali pa mtu, wanalilia. Baada ya hapo mke wake anakuwa mjane. Kabla ya hapo hana jina. Mke si mke, mjane si mjane.

Mke mwenyewe ni Quinter, na ndiye anayeendesha hoteli yetu ya mabati. Madereva wa malori wanasimama, wanakula ugali na matumbo, wanatazama televisheni iliyopigiliwa ukutani. Shemeji yangu Ogutu, mdogo wake Ooko, alikuwa amekuja mara mbili kuniomba.

"Nyar Taita," akaniambia. Ndivyo anavyoniita, binti wa Taita, tangu nilipoolewa. "Huyu msichana umemfunga. Mama hajasema, sisi hatuwezi kuchimba."

"Basi msichimbe. Mtu aliye njiani hazikwi."

"Nani kakwambia yuko njiani?"

Nikainamia maharagwe yangu nikaendelea kuchambua. Ningemwambiaje mtu mzima, mzee wa kanisa, kwamba nimeambiwa na movie?

Nilisoma mpaka darasa la sita. Kiingereza changu kinatosha kusalimia daktari, hakitoshi movie. Kwa hiyo pale hotelini tunaweka zile zilizotafsiriwa na DJ, mtu mmoja anayeketi juu ya movie nzima akisema Kiswahili cha kila mtu: jambazi yeye, bibi harusi yeye, mbwa akibweka yeye. Mimi nakaa kwenye kigoda changu karibu na jiko, nachambua, nasikiliza. Na tangu utotoni napenda vitendawili. Mwenye kupenda vitendawili haamini kwamba kitu kimekaa tu. Akiona jiwe analiuliza linaficha nini.

Movie ya kwanza ilikuwa ya Wachina. Mpanda farasi ameachwa vitani, kijiji chote kimesema amekufa. Amesimama juu ya kilima, upepo unampiga nguo, anatazama moshi wa kwao kule chini. Halafu akasema: "Mama, bandika chai, nimeshatoka mizani."

Sinia ya maharagwe iliniponyoka. Hayo yalikuwa maneno ya Festus. Kila safari, lori likishapimwa kwenye mizani ya Mariakani, alinipigia simu akasema hivyo hivyo, neno kwa neno.

Nikanunua daftari la kurasa tisini na sita. Baada ya wiki mbili Mhindi mmoja wa movie nyingine, aliyetupwa mtoni na kaka yake, akayasema maneno yale yale akiwa juu ya treni. Halafu Mkorea mwenye kovu. Halafu Mnaijeria aliyetoka gerezani. Nikaandika kila mmoja, na alama zake. Wote walidhaniwa wamekufa. Wote walikuwa peke yao. Wote walikuwa wanatazama mbali, na karibu wote palikuwa na upepo. Na wote, mwisho wa movie, walifika nyumbani. Nikajiambia, kama Yusufu alifungua ndoto za watumishi wa Farao akiwa gerezani, Mungu atashindwa kusema na mimi hotelini? Nilifika mtu wa thelathini na moja. Sikufurahi, msidhani. Nilikuwa naandika tu, kama mtu anayehesabu magunia ya wengine.

Siku moja flashi yetu ya movie iligoma. Dereva mmoja Mkamba, Mulinge, mteja wa kila wiki, akatoa yake kwenye funguo.

"Niko na ile ya farasi, shosho. Lakini hii ni original, haina DJ. Ina maandishi chini."

"Weka tu. Naijua kwa moyo."

Ikafika pale kwenye kilima. Nikaacha kuchambua. Mpanda farasi akasimama. Upepo ukampiga nguo. Akatazama moshi. Nikangoja. Akageuza farasi, akashuka.

"Amesahau kusema," nikasema.

"Kusema nini?"

"Pale. Alikuwa aseme kitu kwa mamake."

Mulinge akacheka na mdomo umejaa ugali. "Shosho, huyo hasemi kitu! Hata mdomo hajafungua. Ni DJ hujazia. Juzi amefanya mfalme mzima akaomba supu ya kichwa."

"Rudisha nyuma."

Akarudisha mara tatu, ugali wake unapoa. Mara tatu mdomo wa yule mtu ulikuwa umefungwa kama mlango wa duka Jumapili.

Kitendawili kikikushinda unatoa mji, mwenye kukitega akufungulie. Mwanzo wa kila movie yule DJ hutaja namba yake ya simu, kwa wenye harusi na matangazo. Nilikuwa nayo kwenye daftari. Nikatoka nje nyuma ya jiko, nikapiga.

"DJ Gibson hapa, ongea na mimi!"

"Mwanangu, mimi ni mama wa Miasenyi. Nataka kukuuliza. Yule wa farasi, kwa nini anasema bandika chai, nimeshatoka mizani?"

Akacheka, kicheko kizuri cha mtu aliyelelewa. "Ah, mama, umeipenda hiyo? Wateja wangu wengi ni madereva. Pale movie iko kimya sana watu wanadhani imekwama, wananitukana. Kwa hivyo pakiwa kimya, mimi najaza."

"Na maneno ulipewa na nani?"

"Hakuna aliyenipa. Nilikuwa turnboy, msaidizi wa dereva wa lori, miaka minne kabla sijaanza hii kazi. Kila dereva husema hivyo akitoka Mariakani. Kila mmoja, mama. Wengine wanaambia mamao, wengine mabibi. Wengine wote wawili, chai mbili!" Akacheka tena. "Kwani kuna nini?"

"Hakuna kitu. Unafanya kazi nzuri."

"Asante, mama. Ubarikiwe."

Nikakata. Nikasimama pale nyuma ya jiko nikitazama malori. Nilikuwa nimedhani mwanangu ana maneno yake. Nikapima kama naumwa mahali. Hapana. Kulikuwa na harufu ya vitunguu vinaungua, nikaingia kuvigeuza.

Wateja walipopungua nikamwita Quinter, nikamwonyesha daftari. Hakulifungua.

"Nalijua, Mama."

"Unajua nini?"

"Najua unaandika. Zile movie nilikuwa nazitafuta mimi mwenyewe Voi. Nilikuwa nauliza ile iko na hayo maneno. Wakaniona mwendawazimu." Alikuwa anafuta meza moja ambayo ilikuwa safi. "Ulikuwa huli, Mama. Ukiyasikia, siku hiyo unamaliza sahani."

"Na ulijua ni DJ?"

"Ee."

"Mara zote mbili Ogutu anakuja, unamkaribisha soda, unajua, na hukusema?"

"Ningesemaje? Wewe ndiye mamake."

Nikamtazama. Alikuja kwetu na mashavu. Sasa shingo yake ilikuwa na mishipa kama ya mwanamke wa umri wangu, na kamba ya aproni ilimzunguka mara mbili. Nikaona kwamba katika kurasa zote zile sikuwa nimeandika jina lake hata mahali pamoja.

"Mpigie Ogutu," nikamwambia. "Mwambie wachimbe Jumamosi."

Akashika kitambaa. "Una hakika?"

"Hakika sina. Mpigie."

Ijumaa asubuhi tulikwenda mtoni, upande wa Voi, kwenye miegea ambayo tembo walikuwa hawajaimaliza. Ogutu alikuwa na upondo na panga, amevaa koti la suti kwenye jua lile.

"Hili hapa," akasema. "Zito, la heshima."

"Nene sana, baba," akasema Quinter. "Festus alikuwa mwembamba."

"Na lile?"

"Limepinda."

"Hata yeye alipinda! Alinikopa baiskeli akarudisha gurudumu."

Quinter akacheka, halafu akajifunika mdomo, akatutazama kama ameiba. Nikamwambia acheke tu. Akachagua lenyewe, refu, jembamba kidogo shingoni, na Ogutu akaliteremsha polepole ili lisipasuke. Tulilifunga kwa shuka tukalipakia tuktuk.

Jumamosi walilizika karibu na Ooko. Mchungaji wangu hakuja. Alisema hiyo si ya Kikristo, nami sikubishana naye. Wanawake wa ukoo waliotoka mbali walilia kwa sauti, na Quinter akalia kuwashinda wote, akianguka na kuinuliwa, miaka mitatu ikimtoka mara moja. Mimi niliambiwa niseme neno. Nikasema, "Huyu ni Festus, mwanangu. Amefika." Nikangoja machozi, kama mtu anayengoja maji ya mfereji. Hayakuja. Nikatupa udongo, nikarudi jikoni kupakulia wageni.

Jumapili Quinter hakuamka alfajiri. Sikumgongea. Niliwasha jiko mwenyewe, nikakanda unga, na madereva walipoanza kuingia wakipiga meza na kuuliza Quinter yuko wapi leo, nikawaambia waongee polepole, mjane amelala.