Amplifaya ya Babu Haikuungua

Kwa Mjomba, tundu likikubali plagi, waya umefika kwao. Kwa imani hiyo ameshaunguza redio na pasi ya mama yangu, na kila mara kosa lilikuwa la kiwanda.

Jioni ile ya onyesho, vyombo nilikuwa nimeviunganisha mwenyewe. Gitaa lake liliingia kwenye kisanduku changu kinachoiga sauti za amplifaya za kila aina, kisanduku kikaingia kwenye amplifaya ya marehemu babu, nayo ikaingia kwenye spika kwa waya mnene. Amplifaya ile ya balbu za kioo haipigwi bila spika. Nguvu ikikosa pa kwenda, huigeukia yenyewe na kuunguza transfoma. Babu hakutuachia kingine chenye sauti.

Nikaenda kunywa maji. Niliporudi, Mjomba alikuwa ameuchomoa waya mnene kwenye spika na kuurudisha kwenye kisanduku changu. Aliwaeleza wenzake wa bendi kwamba sauti ikizunguka hukomaa. Taa nyekundu ya amplifaya inawaka, mkono ameshauinua apige nyuzi.

Niling'oa plagi ukutani.

Ukumbi mzima ukacheka. Mpiga ngoma akasema diploma yangu ya ufundi inakata umeme kushinda shirika la umeme lenyewe.

"Umenivua nguo mbele za watu," Mjomba akaniambia, taratibu.

"Nguo utavaa nyingine, Mjomba. Amplifaya ya babu ni moja."

Nikarudisha waya kwenye spika, nikashusha sauti hadi mwisho, nikawasha, nikaipandisha kidogo kidogo. Wakapiga mpaka watu wakaacha viti vyao, wakacheza. Na hapo ndipo kesi yangu ilipoharibika: kwa kuwa hakuna kilichoungua, Mjomba akaapa kwamba hakuna kilichotaka kuungua.

Baada ya onyesho Mama alinivuta nyuma ya pazia. Kaka yake amesema nisipomwomba radhi mbele ya bendi, nisikanyage tena jukwaani, na amplifaya anaihamishia kwake. Akanisihi niseme tu, neno halivunji mfupa.

Mjomba alisimama mlangoni, bendi nyuma yake, wakisubiri.

"Shikamoo nitakupa, Mjomba. Waya nitakukunjia, na kila tundu nitaliandikia kazi yake kwa herufi kubwa. Kesho ukiuchomeka vile tena, nitang'oa tena. Radhi sikuombi."