Mwezi Unajizungusha

Mimi si mtu wa kufokewa mbele ya wanafunzi wangu. Mwalimu mkuu alilijua hilo vizuri, na bado akatoka ofisini mbiombio, tai begani, huku anapiga kelele: "Mwalimu! Hii ni shule au soko?"

Nilikuwa uwanjani na darasa la sita. Katikati alisimama binti mmoja mdogo wa umbo, lakini mdomo anao. Siku hiyo alikuwa Dunia. Mwenzake alikuwa Mwezi, ndiyo kwanza aanze kumzunguka.

"Tunajifunza kwa nini Mwezi unatuonyesha upande mmoja tu," nikamjibu.

"Hilo nalo linataka uwanja? Andika ubaoni: Mwezi haujizungushi. Basi!"

Nikacheka. Mungu anisamehe, nilicheka kwa sauti.

"Unacheka? Kuanzia kesho darasa hili atalifundisha mtu mwingine. Michezo imetosha!"

Roho iliniuma. Watoto hawa niliwapokea wakiogopa hata kunyoosha mkono kuuliza. Leo niwaachie mtu wa kuwanyamazisha tena? Thubutu!

"Ninyang'anye," nikasema. "Lakini kwanza uwe Mwezi wewe. Izunguke Dunia, na usiipe kisogo hata kidogo."

Angekataa, ila watoto walishaanza kumpigia makofi. Akaanza kwenda kiubavuubavu, macho kwa yule binti.

"Nyuma yangu unaona nini, Mwalimu mkuu?" Dunia akauliza.

"Ofisi yangu."

Akasogea. "Na sasa?"

"Geti."

"Sasa je?"

"Vyoo." Watoto wakaangua kicheko.

"Na hapo?"

"Ukuta wa jirani. Halafu ofisi yangu te..." Akasimama ghafla.

"Kama hujajizungusha," binti akasema, "pande zote za shule umezionaje?"

Mwalimu mkuu akajifuta jasho. "Hata hivyo, uamuzi wangu uko palepale."

"Huyo mwalimu wa kesho analijua hili?" Dunia akadakia. "Maana wewe hukulijua."

Nilipaswa kumkemea yule mtoto. Sikumkemea ng'o!

Mwalimu mkuu akanikazia macho. Nami nikamkazia yangu, kisha nikawageukia wanafunzi. "Haya, nani anataka kuwa Mirihi?"

Mikono ikapanda kila upande. Nikamchagua mmoja aliyekuwa hajawahi kujitokeza.

"Samahani, Mwalimu mkuu," nikasema, "umesimama kwenye njia ya Mirihi."

Akapisha.